Sauti ya Miaka Sitini na Mitano: The Cure Katika Ukumbi wa Troxy

Jioni ya Ijumaa, tarehe 1 Novemba 2024, katika barabara ya Commercial Road, upande wa mashariki wa mji wa London, ndani ya jengo lililofunguliwa mwaka 1933 kuwa sinema, likageuzwa baadaye kuwa mahali pa mazoezi ya waimbaji wa opera, kisha likawa nyumba ya mchezo wa bingo, na mwishowe likarejeshwa katika shughuli za muziki kwa jina lake la asili la Troxy, walikusanyika watu wapatao elfu tatu kuingojea bendi ambayo wengi wao walianza kuisikiliza tangu ujanani. Bendi hiyo ni The Cure. Albamu yake mpya, Songs of a Lost World, iliyo ya kwanza baada ya kimya cha miaka 16, ilikuwa imetoka madukani siku iyo hiyo. Na bendi, badala ya kuanza na nyimbo zinazojulikana ili kuwachangamsha watu, ilianza na albamu hiyo mpya, ikaiimba yote kutoka wimbo wa kwanza hata wa nane kwa taratibu yake, ndipo ikaigeukia hazina yake ya kale mpaka zikatimia nyimbo 31 katika muda unaokaribia saa tatu. Tarehe 13 Desemba mwaka huo huo, nyimbo zile nane za mwanzo zilitolewa peke yake kwa jina la Songs of a Live World: Troxy London MMXXIV.

Juu ya rekodi hiyo nimekusudia kusema leo, na juu ya nyingine ya bendi iyo hiyo iliyopigwa Hyde Park mwaka 2018. Maana zote mbili zimetoka kwa watu walewale, katika mji ule ule, kwa mitambo inayokaribiana ubora, na hata hivyo moja, ya Hyde Park, ni kumbukumbu ya sherehe na nyingine, ya Troxy, ni kumbukumbu ya kazi, wala sioni haya kutamka mapema kwamba mimi naifadhilisha hii ya Troxy.

Rekodi za maonyesho ya hadhara zina sifa isiyo njema miongoni mwa wapenzi wa muziki, na sifa hiyo zimeichuma zenyewe. Aghalabu hutolewa bendi inapokuwa haina jambo jipya, au kampuni inapotaka kumaliza mkataba, au wasimamizi wanapohitaji bidhaa ya kuuza mlangoni. Ndani yake mna nyimbo zile zile ambazo mnunuzi anazo tayari nyumbani, zimeongezwa makofi, zimepunguzwa usafi. Kwa bendi zilizozeeka hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu msikilizaji huweka rekodi mpya kando ya ile ya zamani na kuanza kuhesabu kilichopungua: sauti imeshuka, mwendo umepoa, mpiga dramu hayuko tena. Basi mtu anayeketi kusikiliza rekodi ya jukwaani ya wakongwe ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya yote, nalo ni hili: je, kuna lililotendeka usiku ule ambalo lisingeweza kutendeka studioni?

Posti-panki, ambayo ndiyo nyumba walimozaliwa The Cure, ni jina lililopewa vijana wa Uingereza waliokuja mara baada ya mlipuko wa panki wa miaka ya 1976 na 1977. Panki ilikuwa imewafundisha kwamba mtu hahitaji kuwa fundi aliyehitimu ndipo apande jukwaani, na somo hilo walilipokea kwa mikono miwili. Lakini zile kelele na ile haraka, walizichoka upesi. Wire, Joy Division, Gang of Four, Public Image Ltd, Siouxsie and the Banshees na wengineo walichukua ule ujasiri wakautia katika mambo mengine: besi iliyotoka nyuma ikashika mahadhi mbele, gitaa lililoacha kujaza kila nafasi na badala yake likawa linagusia tu, dramu za mwendo mkavu, na maneno yaliyosomwa vitabuni kabla ya kuimbwa. Baadhi ya hao walivunjika kabla ya kutimiza miaka mitano.

The Cure walidumu. Walianzia Crawley, mji mpya wa kusini ya London, katika bendi za wanafunzi wa shule zilizobadilika majina mara kadhaa, hata mnamo Julai 1978 wakapanda jukwaani kwa mara ya kwanza kwa jina walilo nalo sasa, katika baa ya mji huo iitwayo The Rocket. Albamu ya kwanza ilitoka 1979. Zikafuata Seventeen Seconds mwaka 1980, Faith mwaka 1981 na Pornography mwaka 1982, albamu tatu za kiza kinachozidi kukaza, ambazo mtu akizisikiliza mfululizo humwia vigumu kuamini kwamba waliozitunga walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu; na baada ya hapo, kana kwamba mtunzi wao alijishtukia, zikaja nyimbo za kuchezeka zilizowafikisha redioni duniani kote. Mtunzi huyo ni Robert Smith, aliyezaliwa tarehe 21 Aprili 1959, ambaye ndiye pekee aliyekuwamo tangu siku ya kwanza hadi leo. Simon Gallup, mpiga besi, aliingia walipokuwa wakijiandaa kutengeneza albamu ya pili, na ukiondoa miaka michache ya ugomvi, amekuwa naye daima. Wapo wanaosema, nami ni mmoja wao, kwamba ukimtoa Gallup unabakiwa na mashairi mazuri yasiyo na ardhi ya kusimama.

Bendi hii haikuwa bahili wa rekodi za jukwaani. Mwaka 1984 walitoa Concert, iliyopigwa London na Oxford, na katika kaseti yake, upande wa pili, wakatia vipande vya kale visivyopatikana penginepo, hata kaseti ikawa na thamani kuliko santuri. Ikaja Entreat, ya maonyesho ya Wembley mwaka 1989. Mwaka 1993 wakatoa mbili kwa mpigo, Show iliyotoka katika ziara ya Marekani na Paris iliyotoka katika ziara ya Ufaransa. Mwezi wa Novemba 2002 walikwenda Berlin na kupiga Pornography, Disintegration na Bloodflowers, albamu tatu nzima kwa usiku mmoja, na filamu yake ikaitwa Trilogy. Kabla ya hapo, mwaka 1986, mwongozaji Tim Pope aliwapiga picha katika ukumbi wa kale wa maigizo wa Warumi ulioko Orange, kusini mwa Ufaransa, katika filamu ambayo mashabiki wake wameihifadhi kama hirizi. Wala Smith hapatikani katika rekodi za bendi yake tu: alipokuwa mpiga gitaa wa Siouxsie and the Banshees alikuwamo katika Nocturne, iliyorekodiwa Royal Albert Hall mwaka 1983. Kwa hiyo mtu huyu amekuwa mbele ya vipaza sauti vya kurekodi hadharani kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika mengi aliyoyajifunza, moja ni kwamba rekodi ya jukwaani haipatikani jukwaani tu.

Hili la mwisho lahitaji maelezo, maana wasikilizaji wengi hudhani kwamba chombo huwekwa ukumbini kikanasa kila kinachosikika. Hakika ni kwamba kila ala, kila ngoma ya dramu, kila mdomo unaoimba, una kipaza sauti chake au waya wake. Na mkondo wa kila kimoja hugawanywa njia mbili, moja iende kwa fundi anayewasikilizisha waliohudhuria, ya pili iende kwenye mtambo wa kurekodi, ambako kila sauti hukaa katika njia yake bila ya kuchanganyika na jirani yake. Vipaza sauti vingine huelekezwa kwa watu ili vichukue makofi, vifijo na mwangwi wa mahali penyewe. Baadaye, katika chumba cha kimya, fundi huyakusanya hayo yote na kuamua: besi iwe karibu kiasi gani, watu wawe mbali kiasi gani, mwimbaji asimame wapi. Kumbe anayesikiliza rekodi ya hadhara husikiliza usiku mmoja uliosahihishwa kwa siku nyingi. Smith husimamia kazi hiyo mwenyewe, na katika rekodi ya Hyde Park aliifanya pamoja na Paul Corkett, fundi aliyeshirikiana naye pia kutengeneza Songs of a Lost World.

Tuanze na Hyde Park, kwa sababu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 7 Julai 2018, miaka arobaini kasoro siku mbili tangu usiku ule wa The Rocket. Watu wapatao 65,000 walikuwa uwanjani; joto lilikuwa kali kupita ada ya nchi ile; na mchana wa siku iyo hiyo timu ya Uingereza ilikuwa imeifunga Uswidi mabao mawili kwa bila katika robo fainali ya Kombe la Dunia, hata furaha ya mpira ikachanganyika na furaha ya muziki, ikawa haijulikani ipi ni ipi. Mwezi wa Julai jua la London halichwi mpaka imepita saa tatu ya usiku kwa hesabu yetu, kwa hiyo bendi iliyojulikana kwa kiza na moshi ilijikuta ikifungua onyesho chini ya mwanga mkali, na Smith, wanja ukimtiririka, akawaambia watu kwa mzaha kwamba hana nguvu za kuzungumza mpaka jua liondoke. Tim Pope alikuwapo tena na kamera zake. Filamu ikaonyeshwa katika sinema mwaka uliofuata, na Oktoba 2019 ikatolewa katika kasha moja pamoja na onyesho jingine la majuma mawili kabla yake katika ukumbi wa Royal Festival Hall, ambapo bendi ilipita albamu zake moja baada ya moja, wimbo mmoja kwa kila albamu, kwenda mbele kisha kurudi nyuma.

Nyimbo 29 za Hyde Park zimepangwa kwa busara ya mwenyeji anayejua wageni wake wamekuja kwa nini. Zinaanza na Plainsong, zinapita katika nyimbo za mapenzi zilizopendwa redioni, zinatua kwenye A Forest ambapo Gallup hubaki na besi yake peke yake mwishoni huku watu wakimpigia makofi ya kufuatana, zinafika Disintegration. Kisha, katika kurudi jukwaani, zinakwenda nyuma hadi mwaka 1978. Upigaji hauna ila. Jason Cooper hupiga dramu kwa uthabiti wa mtu asiyetaka kuonekana, Roger O'Donnell ametandaza vinanda vyake, Reeves Gabrels, aliyekuwa mpiga gitaa wa David Bowie kwa miaka mingi, hutia chumvi pale panapohitaji. Hata hivyo mimi, kila nikiirudia rekodi hiyo, huhisi kwamba watu wamenasa sherehe kuliko muziki. Uwanja una sheria zake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na mtu aliyesimama mita 170 kutoka jukwaani husikia kila pigo nusu sekunde baada ya kupigwa. Ndiyo maana husimamishwa nguzo za spika katikati ya uwanja, zilizocheleweshwa kwa hesabu ili zilingane na sauti itokayo mbele. Bendi inayopiga mahali kama hapo hulazimika kupiga kwa mistari minene, kwa kuwa mistari myembamba hupotea hewani. Na anayeiketia rekodi nyumbani, japokuwa fundi amemsogeza mbele, huusikia unene huo.

Kuna jambo moja katika mwisho wa Hyde Park ambalo msomaji wa pwani yetu hatalipita bila ya kukunja uso. Wimbo wa kufungia, ambao ndio uliokuwa wa kwanza kutolewa na bendi hii Desemba 1978, unaitwa Killing an Arab. Umetokana na riwaya ya Albert Camus, L'Étranger, iliyotolewa mwaka 1942, ambayo mhusika wake, Meursault, anamwua Mwarabu ufukoni huko Algeria na hawezi kueleza kwa nini. Na nia ya wimbo ni kuonyesha utupu wa moyo wa muuaji, si kusifu tendo lake. Lakini jina hubebwa na watu wasiosoma riwaya, na katika Marekani ya miaka ya 1980 wimbo ulitumiwa na wenye chuki hata mkusanyiko wa bendi wa mwaka 1986 ukabandikwa karatasi ya kuonya kwamba haukutungwa kwa ubaguzi. Smith amekuwa akibadilisha maneno yake jukwaani kwa vipindi mbalimbali. Rai yangu ni kwamba kijana wa miaka kumi na tisa alichagua jina baya kwa wimbo wenye fikra, na mzee wa miaka hamsini na tisa, aliyeamua kumalizia nao sherehe yake, alikuwa akitimiza hesabu ya tarehe kuliko kusikiliza masikio ya zama zake.

Sasa turudi Troxy.

Kwanza ni ukumbi. Elfu tatu si sitini na tano elfu; paa lipo, kuta zipo, na sauti inayotoka hurudi. Katika rekodi hii husikika kitu ambacho uwanja haukuweza kukitoa, nacho ni hewa iliyofungwa, ile hewa ambayo besi huijaza kwanza kabla ya ala nyingine kuingia. Bendi usiku ule ilikuwa na watu sita, kwa kuwa Perry Bamonte alirejea mwaka 2022 na gitaa lake na kinanda chake baada ya kutokuwamo kwa miaka mingi, na nyongeza hiyo iliwapa nafasi ya kugawana kazi hata pasiwe na mmoja anayelazimika kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni historia ya nyimbo zenyewe. Desturi ya biashara ya muziki ni kwamba wimbo huzaliwa studioni, huuzwa, ndipo hupelekwa kwa watu; na rekodi ya jukwaani, ikija, huwa ni nakala ya nakala. Hapa njia iligeuzwa. Alone na Endsong ziliimbwa mbele ya watu Riga, nchini Latvia, Oktoba 2022, miaka miwili kabla ya albamu kuuzwa. Na nyingine zikafuata katika ziara hiyo iliyopita nchi 33 kwa maonyesho takriban 90. Mbili kati yake zilikwisha kutolewa kwa santuri kutoka maonyesho ya Toulouse na Montpellier kabla ya toleo la studio kumfikia mtu yeyote. Kwa hiyo usiku wa Troxy albamu ilikuwa na umri wa siku moja madukani, lakini vidole vya wapigaji vilikuwa vimezijua nyimbo nyingi kati ya hizo kama njia ya kwao. Husikii woga wa wimbo mpya. Wala husikii uchovu wa wimbo wa miaka arobaini, ule unaomfanya mpigaji apige huku akifikiria chakula cha usiku.

Kila wimbo huanza bila ya mwimbaji, na baadhi yake hukaa muda mrefu katika hali hiyo. Alone hupita dakika tatu na zaidi kabla Smith hajafungua kinywa. Endsong, iliyo ndefu kupita zote, hupita zaidi ya nusu ya urefu wake. Msikilizaji wa nyimbo za redio atadhani mitambo imeharibika. Lakini aliyelelewa na taarab ya kale, ambaye anajua kwamba kwa kikundi cha Ikhwani Safaa bashraf hupigwa kwanza, vinanda, kanuni na udi vikazungumza mpaka masikio yakatulia ndipo mwimbaji ainuke, hatapata taabu yoyote. Ataelewa kwamba huu ni wakati wa kuandaliwa, na kwamba neno la kwanza litakapotamkwa litaangukia moyo uliokwisha kulimwa. Katika rekodi ya Troxy kungojea huku kuna ladha ambayo studio haina, kwa sababu kuna watu elfu tatu wanaongoja pamoja nawe. Unawasikia wakishangilia gitaa linapoingia, kisha wakinyamaza wenyewe pasipo kuambiwa.

Na neno lenyewe, je? Alone ilipata ufunguzi wake kutoka kwa shairi la Ernest Dowson, mshairi wa Kiingereza aliyekufa mwaka 1900, liitwalo Dregs, yaani masimbi yanayobaki chini ya kikombe. Smith ameeleza mwenyewe kwamba alikuwa akihangaika kupata mlango wa kuingilia albamu hata alipolikumbuka shairi hilo. And Nothing Is Forever ni juu ya ahadi ya kuwa kando ya mtu wakati wa kufa kwake, ahadi ambayo haikutimizwa. Drone:Nodrone ilitoka katika kisa kinachokaribia kuchekesha, cha chombo kidogo cha kuruka chenye kamera kilichopita juu ya nyumba yake na kumfanya ajione hana stara. I Can Never Say Goodbye ni msiba mtupu: kaka yake mkubwa, Richard, alifariki, na wazazi wao nao wamekwisha kuondoka duniani. Endsong inamrudisha kwenye bustani ya nyumbani mwaka 1969, mtoto wa miaka kumi akiutazama mwezi pamoja na baba yake katika majira yale ambayo wanadamu waliukanyaga.

Hapo ndipo sauti inapotoa ushahidi wake. Watu husema kwa mshangao kwamba sauti ya Smith haikuzeeka, na ni kweli kwamba katika Troxy, akiwa na miaka sitini na mitano, anazifikia noti za juu bila ya kushusha ufunguo wala kumwachia mtu mwingine. Lakini kusema haikuzeeka ni kuipunguzia heshima. Imezeeka mahali panapostahili. Katika albamu za 1981 na 1982 alikuwa akiimba juu ya mauti kama mtu anayesimulia nchi aliyoisoma katika vitabu, na kilio chake kilikuwa kikubwa kwa kuwa hakikuwa na jina la mtu ndani yake. Sasa majina yapo, na kilio kimekuwa kidogo. Katika I Can Never Say Goodbye, ambapo kinanda hurudia mahadhi mafupi tena na tena, hakuna mahali anapopandisha sauti ili kuwaliza watu; anayatamka maneno karibu na kipaza sauti, akiyakata mapema kuliko alivyoyakata studioni, na gitaa humaliza alichokiacha. Nimeyasikiliza matoleo yote mawili mara nyingi, na la ukumbini ndilo linaloniamrisha kuacha ninalolifanya.

Gallup naye asisahauliwe. Katika A Fragile Thing, ambao ndio wimbo mwepesi kupita wenzake, besi yake hushika mwendo na mahadhi kwa pamoja, kama alivyofanya katika Play for Today mwaka 1980. Na hapo mtu husikia kwamba posti-panki haijawahi kuondoka katika bendi hii, ila ilifunikwa kwa vinanda. Ukitaka ushahidi zaidi, usiku ule ule, walipoitwa kurudi, bendi ilipiga mkumbo wa nyimbo za Seventeen Seconds, M, Play for Today na A Forest zikiwamo, na zile nyimbo za vijana wa Crawley zilikaa kando ya nyimbo za wazee zisionekane fupi wala finyu.

Onyesho lote lilirushwa moja kwa moja bila malipo kupitia YouTube, na hili halikuwa jambo la bahati. Mwaka 2023, katika ziara ya Marekani, Smith alikataa bei za tiketi zipandazo kwa mahitaji, na alipoona ada za Ticketmaster zimezidi katika baadhi ya tiketi hata bei ya tiketi yenyewe, alilalamika hadharani kwa siku kadhaa mpaka kampuni ikarudisha dola kumi kwa baadhi ya wanunuzi na tano kwa wengine. Kiasi ni kidogo. Lakini ni nadra kusikia kampuni ya aina hiyo ikirudisha hata kidogo. Mapato ya Songs of a Live World kwa upande wa bendi yamekwenda kwa War Child, shirika linalosaidia watoto waliopatwa na vita, na kwa albamu yenye wimbo uitwao Warsong kuna mwafaka fulani katika hilo ambao sitaueleza zaidi.

Sina ugomvi na rekodi hii ila mmoja. Kwa kutoa nyimbo nane tu na kuziacha 23 nje, bendi imetupa albamu mpya iliyo kamili na iliyo bora kuliko ile ya studio, lakini imetunyima kusikia kilichotokea mara baada yake. Aliyetazama matangazo ya usiku ule anajua kwamba baada ya Endsong, baada ya ule ukiwa wa dakika kumi na ushei, waliporejea wakaanza Plainsong, wimbo wa mwaka 1989 uliofungua pia Hyde Park, na kwamba wimbo huo ambao kule chini ya jua ulikuwa tarumbeta ya kukaribisha wageni, hapa ulisikika kama jibu kwa mtu aliyekuwa akisema peke yake kwa muda mrefu. Noti ni zile zile, mwendo ni ule ule, na nadhani hata vinanda vilipangwa kwa namna ile ile; kilichobadilika ni kilichotangulia. Anayenunua santuri hatalipata hilo. Itambidi aisikilize mpaka mwisho, aondoe sindano, kisha alete Plainsong kutoka rekodi nyingine aliyonayo, na ningemshauri asichukue ile ya Hyde Park.